Migomba ya Mama Katikati ya Barabara

Mama yangu hajawahi kuchoma tairi. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu, Bagira, wakisimulia mwaka ule wa vurugu humtaja kati ya waliofunga barabara, na asiyemjua anaweza kumdhania mwanamke wa mawe na makelele. Mama ni mfupi, ni mtu wa kanisa, na jambo linaloweza kumtoa nyumbani kwa hasira ni mtu anayepanda mgomba vibaya. Ndivyo alivyoingia kwenye maandamano.

Wakati huo mji wa Bukavu ulikuwa bado mikononi mwa serikali ya Kinshasa, na serikali hiyo, ambayo sisi huiita Leta tangu enzi za babu zetu, ilikuwa imetangaza kwamba nchi imezidiwa na madeni. Redio ilirudia habari hiyo asubuhi na jioni. Nchi inadaiwa, kwa hiyo matumizi yanapunguzwa: walimu waliokuwa wakingoja mshahara wa kwanza wangoje tena, hospitali zijitafutie, kazi za barabara zisimame mpaka hali itengemae. Kila mwananchi aliombwa ajifunge mkanda. Mimi hutafsiri nyaraka katika ofisi moja huko Ibanda, upande wa ziwani, na kwa miezi kadhaa karibu kila karatasi iliyofika mezani kwangu ilikuwa na neno deni. Nililitoa kwenye Kifaransa nikaliweka kwenye Kiswahili, na ofisi ikaridhika. Mama hakuridhika. Jioni moja, akimenya viazi, aliniuliza:

"Hii deni, ni banani banatudai?"

"Mabenki ya inje, maman. Na nchi zingine."

"Na tulikulaka nini?"

Nilimwambia nami ningependa kujua, na sikuwa natania. Tangu utoto nina ugonjwa huo wa kutaka kujua kitu kilikotoka, na swali la mama lilinikaa kichwani kuliko karatasi zote nilizotafsiri. Nilianza kuutazama mtaa wetu kwa jicho hilo. Labda tulikula shule? Shule ilijengwa na wazazi. Labda tulikula taa za barabarani? Taa hazijawahi kuwepo. Nilichoweza kukiona wazi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa shimo.

Avenyu yetu inashuka kutoka barabara kubwa, inapita mbele ya nyumba yetu, halafu inaishia bondeni. Kabla ya tangazo la madeni, kampuni fulani ilikuja na katapila, ikachimba mtaro mpana uliokata avenyu yote kuanzia ukingo hadi ukingo, hapo juu kidogo ya nyumba yetu. Tuliambiwa watalaza bomba kubwa la kupitisha maji ya mvua, kisha wataweka lami. Tulifurahi, watoto wakakimbilia kuangalia mashine. Tangazo likatoka, na asubuhi moja katapila ikapandishwa kwenye lori ikaenda zake. Rundo la udongo lilibaki upande mmoja, rundo la mawe upande wa pili, na mtaro katikati ukijaa maji. Watu walivuka kwa ubao. Pikipiki ilivuka ikiwa dereva ana moyo. Gari halikuvuka kabisa.

Kwa nyumba nyingine huo ulikuwa usumbufu tu. Kwetu ulikuwa kitu kingine, kwa sababu mdogo wangu alikuwa mjamzito na alikuwa amerudi kukaa kwa mama hadi ajifungue. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa. Daktari wa Ibanda alimweleza mbele yangu, pole pole, kama mtu anayetaka asikike: safari hii uchungu ukianza tu, aje kwa gari, alale, asipande pikipiki wala kubebwa mgongoni, kwa maana kovu la zamani linaweza kufumuka njiani. Tangu siku hiyo kila nilipovuka ule ubao nilipiga hesabu moja tu kichwani: shimo na tumbo, kipi kitatangulia kufika mwisho.

Mjini kulikuwa kumeanza kuchemka. Walimu waliandamana Ibanda wakiwa wamevaa koti na tai, na moshi wa kutoa machozi uliingia hadi ofisini kwetu, tukafunga madirisha na kutafsiri huku tunalia. Wauguzi wakafuata, halafu wafanyabiashara wakafunga maduka siku nzima. Huku kwetu vijana walikutana mbele ya duka la juu kupanga cha kufanya na ule mtaro. Mwenye duka ni Mwislamu wa Uvira, babu zake walitoka pwani, na anazungumza Kiswahili kilichonyooka hata sisi tukimsikia tunaona haya ya kufungua mdomo. Vijana walitaka kuchoma matairi.

"Mkichoma matairi," alisema, "moshi utaingia kwenye mchele wangu na askari wataingia kwenye nyumba zenu. Tafuteni namna nyingine ya kusema."

Namna nyingine inajulikana nchi nzima. Barabara ikiharibika na wakubwa wasijali, watu huipanda migomba. Ni njia ya kuwaambia: kama hii si barabara basi ni shamba. Vijana walikubali, wakaenda kukata migomba popote walipoipata, na kesho yake asubuhi wakaanza kuichomeka kwenye maji ya mtaro, mmoja huku, mwingine kule, imeinama hovyo.

Mama alikuwa anafagia uwanja. Alisimama, akaegemeza ufagio ukutani, akapanda hadi mtaroni akiwa na kandambili.

"Nani alikata hii migomba?"

"Ni shiye, maman."

"Iko na mizizi?"

"Hapana, maman. Iko ya kuonyesha tu. Hata ikauke kesho, haina neno."

"Sasa munaniletea maiti pa mulango yangu?" alisema mama. "Mutoe yote."

Inabidi nieleze kidogo. Mama ni mtoto wa kijiji cha Katana, na alipoolewa alikuja na machipukizi ya migomba ya baba yake, akayapanda nyuma ya nyumba. Kwa Bashi, kabila letu, nyumba isiyo na mgomba ni kama haijahamiwa. Ile migomba ilitulisha, ilitutengenezea kasiksi, pombe ya ndizi, ya harusi na ya matanga, na mama huizungumzia kama mtu anavyozungumzia ndugu. Alijua vizuri maana ya maandamano. Kuchomeka mgomba usio na mizizi kwenye maji machafu, mbele ya macho yake, hilo ndilo lililomshinda.

Basi akawasimamia. Kwanza aliwaambia wachukue mawe ya kampuni wayapange chini ya mtaro, makubwa kwanza, kisha madogo, ili maji yapite bila kuozesha mizizi. Halafu wakarudisha udongo wote uliokuwa rundo. Halafu majivu, mavi ya mbuzi, maganda ya viazi kutoka kila jiko. Alipopita mtu akauliza kuna nini, alipewa jembe. Udongo ulipojaa aliwafanya waukanyage kwa miguu, na waliukanyaga wakiimba, wakaacha mashimo ya kupandia tu. Mwisho alifungua shamba lake mwenyewe, akachagua machipukizi makubwa, mengine marefu kunizidi, akayapanda katika mistari iliyonyooka yenye nafasi ya kutosha kila mmoja. Migomba ile ya vijana, isiyo na mizizi, hakutaka kuitupa. Aliiruhusu isimamishwe kando, pande zote mbili za avenyu, kuanzia mtaroni hadi barabara kubwa.

Nilisimama pembeni na kikombe cha chai nikitazama. Sikuelewa nilichokuwa nakiona, na ndiyo maana sikuondoka. Asubuhi ilikuwa ghasia, na sasa watu walikuwa wanabishana juu ya mavi ya mbuzi, yatosha au hayatoshi. Jioni vijana waliweka vibao vyao vya katoni: LETA, BARABARA IKO WAPI? Mama alivisoma, akaomba visiguse majani.

Siku chache baadaye ikasikika kwamba mjumbe kutoka Kinshasa anazungukia komini za Bukavu, yaani tarafa zake, kueleza wananchi habari ya madeni, na kwamba atapita kwetu. Vijana walishangilia, maana hakuna aliyetegemea bahati hiyo: mkubwa mwenyewe aje aone shimo lililogeuka shamba. Nami nilifurahi. Mdogo wangu alikuwa ameingia mwezi wa mwisho, na nilijisemea kwamba mtu huyo akiiona hali yetu kwa macho, hata kwa aibu tu atatuma lori la udongo na mashine ya kusawazisha.

Alfajiri ya siku hiyo shefu wa avenyu, mkuu wetu wa mtaa, alipita. Ni mzee mwema mwenye kofia na muhuri, na anaupenda sana ule muhuri. Aling'oa vibao vyote, akavificha nyuma ya choo chake. "Mutaniletea maneno," alisema tulipomlalamikia. Tukaona si kitu. Migomba ipo, itasema yenyewe.

Hapo ndipo tuliposahau jambo ambalo hata mtoto wa Bukavu analijua. Kwetu, bibi harusi akiletwa, au askofu akija kubariki kanisa, watu hukata migomba wakaisimamisha pande mbili za njia, imenyooka, majani yamekutana juu. Njia iliyopandwa migomba maana yake ni karibu mgeni. Na yetu, kwa sababu mama hawezi kupanda ovyo, ilikuwa imenyooka kuliko ya harusi yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Jipu la mjumbe lilikata kona kutoka barabara kubwa, likaingia katikati ya ile migomba. Sitasahau. Kina mama walikuwa wamesimama mstari wakiwa wamekunja sura kama walivyopanga. Jipu likasogea, majani yakatikisika, na bibi mmoja mwisho wa mstari akapiga kigelegele. Nadhani kilimtoka tu. Migomba, gari, mgeni: mdomo ulifunguka wenyewe. Wa pili akamwitikia, wa tatu akaitikia, na kufumba na kufumbua avenyu nzima ilikuwa inapiga vigelegele, huku vijana wanashika vichwa. Mwenye duka alikuwa anatikisa kichwa mlangoni. Mimi nilicheka hadi nikaona haya, kisha nikakumbuka tumbo la mdogo wangu, nikaacha.

Mjumbe alishuka amefurahi kweli. Alikuwa kijana wa umri wangu, suti safi, uso wa mtu aliyetarajia mawe akapewa maua. Hakujua Kiswahili cha kutosha, na shefu wa avenyu akanisukuma mbele nitafsiri. Alisema ametembelea komini nyingi nchini na hakuna iliyompokea hivi. Alisema nchi ni familia, na familia ikidaiwa baba na mama na watoto wote hupunguza chakula. Nilitafsiri. Aliisifu ile bustani iliyopandwa barabarani, akasema huo ndio moyo wa kujitegemea. Nilitafsiri hilo pia, na sauti yangu niliisikia imekauka.

Mama akanisogelea, akamwonyesha mjumbe kwa kidevu. "Umuulize ule papa, ile deni tulikulaka nini?"

Nilimuuliza kwa Kifaransa, neno kwa neno. Alicheka kwa upole, akamshika mama mkono. "Mwambie maman ni deni la sisi sote."

Nikaongeza langu bila kutumwa na mtu. Nilimwonyesha mdogo wangu, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya migomba amejishika kiuno, nikamweleza habari ya kovu na gari na mtaro, nikamwambia hii si bustani, hapa palichimbwa pakaachwa. Alimtazama mdogo wangu. Akaweka mkono kifuani, akasema ameelewa, atalifikisha. Sijui kama alidanganya. Nimeliwaza sana, na hadi leo naona kwamba dakika ile alimaanisha.

Alipogeuka kurudi garini, mama alimwambia angoje. Aliingia ndani akatoka na kitunga, kile kikapu chake kizuri cha matete alichosuka dada yake wa Katana, kimejaa ndizi mbivu. Akampa kwa mikono miwili. Mjumbe akapokea, akakiweka kwenye kiti cha nyuma, jipu likaondoka kwa vigelegele kama lilivyokuja.

Nilikasirika na mama kuliko nilivyowahi kukasirika naye. "Maman, tulisema tunamugombeza, na weye unamupa ndizi?"

"Mugeni ataenda mikono mutupu?"

"Hakuya mugeni. Alikuya kutuambia tusikule."

"Ntamupa tu," alisema, kama vile ndizi bado ziko ndani.

Kesho yake redio ilisema wakazi wa Bagira wameipokea kwa furaha mipango ya serikali ya kubana matumizi. Vijana walipita mbele ya nyumba yetu bila kusalimia. Mtu mmoja alisema kwa sauti, ili mama asikie, kwamba kitunga kimoja cha ndizi kimeuza avenyu. Mama alisikia. Siku kadhaa hakwenda kisimani mchana, akangoja watu wapungue. Iliniuma sana, ingawa mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumgombeza.

Lori halikuja, na migomba ikashika. Kila asubuhi nikienda kazini nilisimama kidogo kuangalia ile karatasi ya kijani iliyokunjwa katikati ya mgomba, jani jipya kabla halijafunguka, na jioni nikirudi nikaikuta imefunguka nusu. Sikuwahi kuzitazama ndizi za nyumbani hivyo. Ilikuwa ajabu kuona kitu kinaendelea katika mwezi ambao kila kitu kingine kilikuwa kimesimamishwa. Komini ilituma ujumbe kwamba migomba iondolewe, ni kizuizi barabarani. Shefu wa avenyu aliuleta akiwa ameuinamisha uso. Mama alimpa kiti na maji ya kunywa, kisha akamwambia hapana.

"Ule papa alisema atafikisha maneno," alisema. "Akirudia, ataona nini? Na kitunga yangu ataleta wapi?"

Hilo la kitunga halikuwa mzaha. Nyumbani kwetu chombo cha mtu hakikai, na hakirudi kitupu. Utotoni nilitumwa mara nyingi kwa jirani na sahani yake aliyotuletea sambaza, dagaa wa ziwa letu, na juu yake mama ameweka mayai, au chumvi kwenye kipande cha gazeti ikiwa hatuna kingine. Niliwahi kumuuliza kama tunalipa. Alisema hatulipi, ila sahani ikirudi tupu ni kama kumwambia mtu asikuletee tena. Kwa hiyo, wakati sisi wote tulikuwa tumemfuta yule mjumbe, mama alikuwa anamngoja kama unavyongoja jirani.

Uchungu ulimjia mdogo wangu adhuhuri, siku ya mvua. Nilikuwa nyumbani kwa sababu ofisi ilifungwa kwa ajili ya mgomo mjini. Aliniita kutoka chumbani, akisema yaya, yaani mkubwa wake, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Yaya, imeanza. Na haiko kama ile ya kwanza. Inaniuma pa kovu."

Nilikimbia kwa mwenye duka. Aliacha mteja amesimama, akachukua funguo za pikapu yake na kushuka nayo hadi migombani, akasimama hapo. Ilikuwa upande wa juu, sisi upande wa chini. Watu walitoka na miavuli, kila mmoja na rai yake: abebwe kwenye machela apitishwe katikati ya migomba, hapana tope linateleza, aitwe mtu wa pikipiki, hapana daktari alikataza. Nilimwona mdogo wangu mlangoni, amejikunja, jasho linamtoka katika baridi ile. Niliogopa, sikuwa na fikra yoyote kichwani.

Mama alipita katikati yetu na panga mkononi.

Aliukata mgomba wa kwanza chini kabisa, ukaanguka, akaukata wa pili. Maji ya migomba yalimrukia kwenye kitenge. Mmoja wa wale vijana waliokuwa hawasalimii alielewa kabla yangu, akakimbilia jembe. Ndipo nami nikaona kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote huo: shimo halikuwepo tena. Tulikuwa tumelijaza kwa mikono yetu, mawe chini, udongo juu, tukalikanyaga tukiimba, na tukaendelea kuliita shimo kwa sababu tulikuwa tunaliandamania. Gari halikuzuiliwa na mtaro. Lilizuiliwa na migomba.

Vijana wakalaza magogo ya migomba kwa urefu juu ya tope, na majani juu ya magogo, ili matairi yasizame. Mama alikata hadi wa mwisho. Ule wa mwisho ulikuwa mkubwa kuliko yote, na niliona akiweka mkono juu yake kidogo kabla ya kuinua panga. Pikapu ikashuka pole pole, magogo yakalia chini yake, ikafika mlangoni kwetu. Tulimlaza mdogo wangu kwenye godoro nyuma, mama akaketi akimshika kichwa, mimi nikashika turubai juu yao, na mwenye duka akageuza, akapanda tena. Tope lilikubali. Kina mama hawakupiga kigelegele, walisimama tu kwenye mvua wakitutazama.

Hospitalini Ibanda daktari alisema kovu lilikuwa limeanza kuachia. Alisema maneno machache tu, na hakutaka kusema ingekuwaje kama tungechelewa, nami sikumuuliza. Hilo ni moja ya maswali machache maishani ambayo sikutaka jibu lake. Mtoto alitolewa, msichana, akalia. Mama alikaa kwenye benchi la korido na kitenge chake chenye madoa ya maji ya migomba, ambayo hayatoki hata ukifua vipi, akalia naye.

Mgonjwa kwetu hupikiwa na watu wake. Kesho yake asubuhi tulitayarisha uji na viazi, mama akatafuta cha kubebea, akasimama katikati ya jiko.

"Kitunga yangu iko kwa Leta," alisema. "Na Leta iko njia ya hospitali."

Sikubishana. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilitaka kuona. Tulibeba chakula kwenye sufuria lililofungwa kitambaa, tukapita kwenye ile ofisi kubwa ya Ibanda ambako wajumbe hufikia. Mlinzi alimuuliza anamtafuta nani.

"Sitafuti mutu. Nakuya kukamata kitunga yangu. Nilimupa mugeni ndizi, alisahau kurudisha."

Mlinzi alianza kucheka. Kisha akamwangalia tena, akamsalimu kwa Mashi, lugha ya kwetu, akafungua mlango.

Ndani alikuwepo sekretari peke yake, mwanamke kijana mwenye koti la sufu, kwenye chumba chenye meza nyingi na watu wachache. Alituambia mjumbe alirudi Kinshasa siku nyingi. Wengine hawaji kazini kwa kuwa tangu matumizi yabanwe hawajalipwa, yeye mwenyewe hajalipwa, anakuja kwa sababu akikaa nyumbani anawaza. Alisema hayo yote kwa haraka, kama mtu ambaye hajaulizwa hali kwa muda mrefu. Wakati anasema, mama alikuwa anatazama chini ya meza ya kona. Kitunga kilikuwa hapo. Kilikuwa kimejaa karatasi zilizokunjwakunjwa, na maganda ya kalamu, na ganda moja la ndizi lililokauka hadi likawa jeusi.

"Alikula," alisema mama. Alionekana ameridhika kwa hilo.

Nilitaka kusema neno kali kwa Kifaransa, kwa yeyote. Mama alipiga magoti, akazitoa karatasi moja moja akaziweka juu ya meza vizuri, akapangusa ndani ya kitunga kwa ncha ya kitenge. Sekretari alimwangalia mama, akaangalia kile kitunga kitupu, na nikaona amejua. Alifungua droo yake, akatoa mkate uliofungwa kwenye mfuko, mkate wake wa mchana, akauweka ndani ya kitunga.

"Aksanti, mutoto yangu," mama alisema, na akaupokea. Angekataa, ingekuwa tusi.

Njiani nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limenisumbua tangu jana: alipowaambia vijana wapange mawe na wakanyage udongo, alijua gari litapita siku moja? Alisema hapana, alikuwa anapanda migomba tu. Halafu akasema kwamba barabara alikuwa amemwachia yule papa. Alidhani mtu ukimpokea vizuri kiasi kile, atasikia haya, atarudi kutengeneza.

Mdogo wangu alikuwa ameamka, mtoto kifuani. Mama alifungua uji, akakata mkate, akampa kipande kikubwa. Mdogo wangu alikula kidogo, akautazama.

"Maman, huu mukate iko mutamu. Mulitoa wapi?"

"Kwa Leta," alisema mama. "Walirudisha kitunga."

Mdogo wangu aliniangalia, akingoja nieleze. Nilimwaza yule sekretari, ameketi kwenye chumba chake na droo tupu, saa ya chakula inakaribia. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilichukua kipande changu, nikala.